Toa hiyo flashi juu ya kamera: potreti za studio kwa taa moja na chumba kidogo

Wadau habari zenu. Haipiti wiki bila mtu kuniuliza, kaka mbona flashi nimenunua na picha bado zinatoka kama za pasipoti, paji la uso linang'aa kama sufuria na nyuma ukutani kuna kivuli cheusi kimesimama kama jini, nikimuuliza flashi umeiweka wapi anajibu juu ya kamera, si ndo inapokaa? Bas hapo ndo ugonjwa ulipo. Ikikaa juu ya kamera mwanga unatoka palepale unapoangalia we, kwaiyo vivuli vyote vinajificha nyuma ya mtu, pua haina kivuli, shavu halina kivuli, uso mzima unakua bapa kama chapati. Kinachotuonyesha kwamba pua imetokeza na shavu limejaa ni kivuli, sasa we umevifukuza vyote.

Mi napigia kwenye chumba kimoja Sinza, mita 3 kwa 4, dari ya jipsamu ya chini, na kwa muda mrefu nilikua na taa moja tu. Saivi ninazo tatu ila kazi nyingi bado napiga na moja, kwaiyo haya ninayoandika siyo ya kuungaunga ukisubiri upate hela, ndo kazi yenyewe.

Vifaa

Flashi ya manyuo, yani ile unayoipangia pawa mwenyewe kwa mkono, inatosha kabisa. Mi nilianza na Godox TT600, inakula betri 4 za AA na ndani yake tayari kuna risiva ya kupokea amri bila waya, kwaiyo unachoongeza ni triga moja, yani kile kifaa cha kukaa juu ya kamera na kuiamrisha flashi iwake. Kwenye triga soma herufi ya mwisho kabla hujalipa, XPro-C ni ya Canon, XPro-N ya Nikon, XPro-S ya Sony. Mi niliona tu XPro nikalipa nikapanda daladala, nafika nyumbani naifungua ni S na mi natumia Nikon, nikarudi Kariakoo jua la saa nane kichwani, na kosa lilikua langu sikusoma boksi. Ukishapata ya kwako weka flashi na triga chaneli moja na grupu A zote mbili, afu nenda kwenye menyu ya flashi uzime ule usingizi, la sivyo mteja yuko kwenye pozi zuri kabisa flashi imelala.

Betri nunua za kuchaji, zile za Ni-MH, seti mbili, yani nane. Hizi za kawaida baada ya picha hamsini flashi inaanza kuvuta pumzi muda mrefu kabla haijajaa, we unabonyeza na mwanga haujatoka, mteja keshatabasamu bure. Uzuri mwingine ni kwamba umeme ukikatika mtaa mzima we unaendelea na kazi.

Softiboksi, lile boksi la kitambaa la kulainisha mwanga wa flashi, chukua ya pembe nane ya sentimita 90 hivi pamoja na kile kibano cha kushikia flashi. Kuna watu wanaanza na mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga kwa sababu bei yake ni ya huruma, ni sawa, ila mwavuli unamwaga mwanga kila upande na kwenye chumba kidogo chenye kuta nyeupe mwanga unagonga huku unarudi kule, mwisho vivuli ulivyovitafuta vyote vimejaa. Afu stendi yoyote inayosimama, ila ining'inizie dumu la maji la lita 5 pale kwenye miguu, softiboksi lina tabia ya tanga la dau, feni ikiligeukia tu linaondoka na flashi yako.

Vingine ni vya stationari na dukani kwa vitambaa: manila nyeupe mbili ubandike kwenye boksi zisikunjike, na kitambaa cheusi mita 3. Lenzi milimita 50 au 85, usimpige mtu uso kwa 18 ukamsogelea, pua inatangulia wengine wote wanabaki nyuma.

Kamera kwanza, taa baadae

Hapa ndo wengi wanaruka. Weka kamera kwenye M (manyuo), faili ziwe RAW, yani ghafi, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 100, shata (muda kamera inaokaa wazi) 1/160 ya sekunde, apacha (tundu la lenzi) f/8, rangi ya mwanga weka Kelvin 5500 usiache kwenye oto. Afu zima flashi, piga picha moja. Inatakiwa itoke nyeusi tii. Ikitoka nyeusi ujue taa ya chumbani na dirisha havina sauti tena, chochote kitakachoonekana baadae umekileta we na flashi yako. Ikiwa bado unaona umbo la mtu funga pazia.

Sasa kwanini 1/160. Flashi inawaka na kuzimika ndani ya muda mdogo sana, hiyo TT600 hata kwa pawa yote ni kama 1/300 ya sekunde na ukipunguza pawa inakua fupi zaidi, kwaiyo shata ikae wazi 1/160 au 1/60 mwanga wa flashi ni uleule, kinachobadilika ni ule wa chumbani tu. Ndo maana wanasema shata ni ya mwanga uliokuta, apacha ni ya flashi. Ila kupandisha kuna kikomo, kamera nyingi ni 1/200 au 1/250, ukipita hapo pazia la pili la shata linakua limeshaanza kufunga wakati flashi inawaka na kipande cha picha kinabaki giza. Mi nilipiga familia ya watu tisa kwa 1/320 nikiwa na triga ya bei rahisi isiyoongea na kamera, kwenye skrini ndogo nikaona nyuso ziko safi nikafurahi, nakuja kufungua kwenye kompyuta theluthi ya chini nyeusi, watu tisa hamna hata kiatu kimoja. Niliikata picha ikaishia kiunoni nikawaambia ndo staili.

Wenye mirorlesi, zile kamera zisizo na kioo ndani, mambo mawili: shata ya kimyakimya izime, kwenye kamera nyingi flashi haitawaka, na izime ile setingi ya kukuonyesha ekspoja kwenye skrini, maana kwa namba hizi utaona giza tupu hujui hata mteja kafumba macho au la.

Taa inakaa wapi

Mkalishe mtu kwenye stuli, we simama mbele yake kama mita 2. Taa iweke upande mmoja nyuzi 45 hivi kutoka kwako, ipandishe mpaka iwe juu ya macho yake ikimwangalia kwa chini. Sasa usiangalie taa, angalia pua. Kivuli cha pua kinatakiwa kianguke kwa mshazari kuelekea kwenye kona ya mdomo, kisifike mdomoni. Kikienda moja kwa moja pembeni taa iko chini mno, ipandishe. Kikianguka kwenye mdomo kama sharubu, ishushe. Ukiizungusha taa zaidi pembeni utafika mahali kivuli cha pua kinakutana na kivuli cha shavu na chini ya jicho la upande wa giza panabaki pembetatu ndogo ya mwanga, hiyo wanaiita Rembrandt, kwa jina la yule mchoraji wa Uholanzi, na ni nzuri sana kwa wazee na wanaume wenye sura za kazi, kwa bibi harusi mi siitumii.

Angalia na macho. Kila jicho liwe na nukta ya taa, bila hiyo nukta mtu anaonekana kama samaki wa jana. Video za Wazungu utasikia wanasema nukta ikae saa kumi au saa mbili, usichanganyikiwe, ni saa yao, kwetu ni saa nne au saa nane, yani kwenye ile namba 10 au namba 2 ya saa ya ukutani.

Umbali. Hapa naomba ukae uelewe, maana kwenye umbali ndo kuna kila kitu. Mwanga unakata haraka ukisogea mbali na taa, siyo kidogokidogo, ni kama jiko la mkaa, umekaa karibu unaungua, umerudi hatua mbili huoni tena kama kuna moto. Taa ikitoka mita 1 kwenda mita 2 kutoka kwa mtu, mwanga unaomfikia siyo nusu, ni robo. Ikienda mita 3 ni moja ya tisa. Sasa tumia hiyo hesabu: weka softiboksi mita 1 kutoka usoni, na ukuta mweupe uwe mita 3 kutoka kwenye taa. Uso ukikaa sawa ukuta unapata moja ya tisa tu, huo ukuta mweupe kwenye picha unatoka kijivu kilichoiva. Msogeze mtu karibu na ukuta na taa uirudishe nyuma, ukuta uleule unarudi kuwa mweupe. Hujanunua bakigraundi mpya, umesogeza stuli. Kwa chumba changu cha mita 4 hii kitu imeniokoa kuliko kifaa chochote.

Jambo la pili la umbali ni ulaini. Taa ikiwa karibu, kwa macho ya mteja ni kubwa, inamzunguka, kivuli kinafifia taratibu. Ileile ukiipeleka mwisho wa chumba inageuka kuwa ndogo, kivuli kinakatika kama kwa wembe. Mi naanza na umbali unaolingana na upana wa softiboksi, yani sentimita 90 mpaka mita 1, mpaka ukingo wake karibu uingie kwenye fremu.

Pawa ya flashi anza 1/8, yani moja ya nane ya nguvu yake yote. Piga, angalia, panda au shuka. Na zumu ya flashi ndani ya softiboksi iweke namba ndogo, 24 au 35, ili mwanga ujaze kitambaa chote, ukiiacha 105 unapata doa moja kali katikati na kingo zote zimelala, hapo softiboksi ya 90 inafanya kazi ya sahani.

Ngozi zetu

Nakuja kwenye kitu ambacho mafunzo mengi ya mtandaoni hayakigusi maana wanafundishia kwa watu weupe. Ngozi nyeupe inaonekana kwa sababu inatawanya mwanga mwingi. Ngozi nyeusi inatawanya kidogo, umbo lake unalisoma kwa mng'ao, ule mstari wa mwanga kwenye mfupa wa shavu, kwenye daraja la pua, kwenye bega. Kwaiyo mtu akiwa mweusi sana tiba siyo kuongeza pawa, tiba ni kuikuza taa na kuisogeza, mng'ao utoke mpana na mlaini badala ya madoa madogo meupe kwenye paji la uso.

Hili nililijua kwa kuaibika. Alikuja mama mmoja na binti yake, binti kavaa joho la mahafali, mweusi yule wa kupendeza kabisa. Nikaona kwenye skrini uso uko chini kidogo nikapandisha flashi stopu moja na nusu (kila stopu moja mwanga unakua mara mbili), nikaona sasa ndo safi. Namwonyesha mama picha, kaishika kamera kwa mikono miwili, kimya. Afu akaniambia, mwanangu, huyu binti yangu hajichubui, mbona hapa umemchubua? Nikasema samahani mama ngoja nirudie. Na alikua sahihi, nilimpa binti ngozi ya mtu mwingine. Nikashusha pawa ilivyokua mwanzo, nikaivuta softiboksi karibu mpaka ikabidi nishushe tena, nikaizungusha kidogo ili siyo katikati yake bali ukingo wake ndo umpitie usoni, ule mng'ao ukalala kwenye shavu wote kama mafuta ya nazi. Mama akasema, eeh, huyu namjua.

Kwaiyo kanuni yangu: usipime kwa jicho kwenye skrini, skrini ukiwa gizani inakudanganya inang'aa. Washa lile onyo la kumetameta kwa sehemu zilizoungua, pawa ipande mpaka ule mng'ao wa paji la uso uanze kumeta kidogo, afu rudi theluthi mbili za stopu. Ngozi yenyewe itakaa panapostahili, hata kama kwenye histogramu, ule mchoro wa kamera wenye giza kushoto na mwanga kulia, mlima umelala kushoto, ni halali yake kulala kushoto.

Na hili siyo letu peke yetu wala la leo. Enzi za filamu maabara zilikua zinapanga rangi kwa kufuata kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, zilijulikana kama kadi za Shirley, akitoka vizuri yeye mashine imepita, wewe na shangazi yako mtajiju. Ila kule Bamako, Mali, kulikua na mpiga picha mzee Seydou Keïta, alifungua studio mwaka 1948, picha zake nyingi kapigia uani kwa mwanga wa mchana, zitafute uangalie nyuso, mng'ao umetulia mpaka raha. Ua ulio wazi juu ni softiboksi kubwa kuliko utakayowahi kununua, sisi humu ndani tunaiga tu.

Mafuta nayo. Mtu kajiandaa kupiga picha, kajipaka mpaka unajiona usoni kwake. Usimfute, mpe tishu aikandamize kwenye paji la uso, pua na kidevu, aiondoe bila kusugua, ibaki ile afya tu. Mkono na kifua acha ving'ae.

Joho jeusi, kitambaa cheusi

Nimetaja mahafali, nimalizie maana kuanzia Oktoba huku hiyo ndo kazi. Joho jeusi, nywele nyeusi, na yeye anataka bakigraundi nyeusi kwa sababu kaona mtandaoni. Ukipiga na taa moja unapata uso unaoelea na kofia haipo. Njia rahisi ni kumbembeleza akubali kijivu, ule ukuta mweupe uliokosa mwanga niliousema, hapo bega linajichora lenyewe. Akikataa, chukua ile manila uisimamishe upande wa giza, nyuma kidogo ya bega lake, nje ya fremu, iukamate mwanga unaopita na kuurudisha kwenye kingo za joho. Ni mstari mwembamba sana ila kichwa kinaachana na kitambaa. Kama una flashi ya pili iweke hapohapo kwa nyuma, pawa 1/32, ndani ya boksi la biskuti ulilolikata ncha zote mbili na kulizungushia kitambaa cheusi ili mwanga usitawanyike, na uhakikishe haiangalii lenzi, ukiona picha imekua na ukungu wa kijivu basi inaangalia lenzi.

Kuhusu manila, upande wa giza siyo lazima uujaze kila mara. Chumba kikiwa na kuta nyeupe karibu, zenyewe zinajaza, we ndo unatakiwa utundike kitambaa cheusi ili kivuli kiwe kivuli. Na kuta za rangi ni balaa, chumba changu kilikua na ukuta mmoja wa bluu ya baharini, mwenye nyumba kaupenda, nikawa najiuliza mbona watu wangu wote shavu moja wanaumwa. Kanga nyekundu ni vilevile, mama akikaa nayo kifuani chini ya kidevu panakua na wekundu, hapo mi namwomba tu aishushe mabegani kidogo, kama ni nguo ya sare na haishushiki basi utahangaika nayo kwenye kompyuta.

Miwani

Ukiona dirisha jeupe kwenye miwani usimwambie avue, kama anavaa kila siku akivua siyo yeye. Mwanga unadunda kama mpira ukutani, unavyoingia ndo unavyotoka, kwaiyo pandisha taa na uipeleke pembeni zaidi mpaka ule mdundo usije kwako. Bado upo? Mwambie anyanyue ile mikono ya miwani juu ya masikio sentimita moja tu, vioo vinainama chini, kwenye picha haionekani. Akishusha kidevu kidogo mara nyingi inatosha.

Cha mwisho ni kazi ya dakika mbili. Ukishapata taa imekaa sawa chukua tepu, bandika sakafuni pale miguu mitatu ya stendi ilipo, pale stuli ilipo na pale uliposimama we, na juu ya tepu andika kwa kalamu: pawa 1/8, f/8, kimo cha stendi. Mi nina tepu za rangi tatu, nyekundu ni mahafali, nyeupe pasipoti, njano familia, mteja akiingia naburuza stendi kwenye rangi yake, ndani ya dakika mbili tunaanza. Ila mwambie anaekusaidia usafi. Wa kwangu alizibandua zote Jumamosi moja akazipanga mezani vizuri kabisa, na wateja walikua wako nje kwenye benchi.